Gari lililotangulizwa, je, limeshinda kweli?

*Shikamoo Mwalimu. Nimesoma kwamba mwaka 1930 huko Uingereza kigari cha Austin Seven chenye injini ya cc 747 kilishinda mbio za maili 500 na kuiacha Bentley nafasi ya pili. Kijiweni kwetu tumebishana wiki nzima. Mwenzangu anasema Austin ilitangulizwa, kwa hiyo ule si ushindi, ni zawadi. Mimi nimeshindwa kumjibu. Ukweli ni upi, na huo muda wa kutangulizwa ulipangwaje? Nauliza pia kwa sababu tunaandaa mbio za baiskeli. Wapo wenye baiskeli za gia na wapo wenye Foniksi za babu zao, na tungependa wote wawe na nafasi.*
*Msomaji, Shinyanga*

Marahaba, kijana wangu. Umenigusa pale ninapopapenda, maana kati ya mbio zote za magari za zamani ninazozijua, hizo za Oktoba 1930 ndizo ninazozirudia mara kwa mara. Habari uliyoisoma ni ya kweli. Mwenzako naye amesema kweli kwamba Austin ilitangulizwa. Alipokosea ni kudhani kwamba kutangulizwa ni sawa na kupewa. Nitakueleza kwa hesabu, kisha ukamwekee mezani.

Kwanza mahali penyewe. Brooklands, karibu na mji wa Weybridge kusini mwa London, ulifunguliwa mwaka 1907, na ndio uwanja wa kwanza duniani kujengwa mahsusi kwa mbio za magari. Tajiri mmoja, Hugh Locke King, aliujenga ndani ya shamba lake kwa fedha zake mwenyewe. Ulikuwa wa zege tupu, upana wa mita 30, na kwenye kona zake zege lilinyanyuliwa likalala mshazari kama ukuta wa karai, upande wa juu ukifika karibu mita 9 kutoka chini. Mzunguko wa nje ulikuwa na urefu wa maili 2.767, yaani kilometa 4 na nusu hivi. Zege lile lilimwagwa juu ya mchanga, na miaka ilivyopita likapasuka na kutitia hapa na pale. Gari likipita kwa kasi karibu na daraja la mto Wey liliruka, magurudumu yote manne yakaiacha ardhi. 

Waliouanzisha uwanja huo waliiga mambo mengi kwenye mbio za farasi. Mashindano ya kwanza kabisa, Julai 1907, madereva walivaa mavazi ya rangi kama wapanda farasi, na watazamaji wakawatambua kwa rangi badala ya namba. Handikapu, yaani utaratibu wa kusawazisha washindani wasiolingana, nayo ilitoka huko huko. Farasi mwenye nguvu hubebeshwa uzito zaidi ili yule dhaifu apate nafasi. Kwenye magari walitumia muda: gari la taratibu linaondoka kwanza, lenye kasi linasubiri, na hesabu ikiwa imepigwa vizuri wote wanakaribia mwisho kwa pamoja. Kwa miaka mingi kazi ya kukadiria hapo Brooklands ilikuwa ya bwana mmoja, A. V. Ebblewhite, ambaye biashara yake ya kila siku ilikuwa ala za muziki. Yeye ndiye aliyepita kwenye mstari na saa yake mkononi, akiyaruhusu magari moja moja kwa bendera. Ninamheshimu sana mtu yule. Kukadiria kwa haki ni kazi ngumu kuliko kuendesha, kwa sababu ukipatia hakuna anayekukumbuka.

Sasa njoo kwenye vyombo vyenyewe. Austin Seven ilitoka mwaka 1922 ikiwa gari la familia ya kipato cha chini. Uingereza wakati ule ilitoza kodi ya barabara kwa kila nguvu ya farasi, na nguvu hiyo haikupimwa kwenye mashine, ilikokotolewa kutokana na upana wa silinda. Mwenye injini ya silinda nyembamba alilipa kidogo. Ndiyo maana Herbert Austin alitaka injini ndogo kabisa yenye silinda nne, na ndiyo maana gari likaitwa Seven, yaani saba, kwa nguvu zake saba za farasi za kodi. Cc 747, kijana wangu. Vitz ndogo unayoiona barabarani ina cc 1000, kwa hiyo Austin hii ni robo tatu tu ya Vitz.

Nimewahi kuishika mkononi krenki ya injini hiyo, kile chuma kinachozungushwa na pistoni, na bado naikumbuka. Ni nyembamba kuliko mpini wa jembe. Injini ya silinda nne ya leo huishikilia krenki kwa beringi tano, moja kila upande wa kila pistoni. Ile ya Austin ilishikiliwa na beringi mbili tu, moja mbele na moja nyuma. Katikati hapana kitu. Injini ikikimbizwa sana, krenki inapinda na kunyooka kama kamba ya watoto wanaporuka, na fundi mwenye sikio zuri huusikia mtikisiko wake kabla ya kuuona. Ile ya mbio waliifunga supachaja juu yake, mashine ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda ili ichome mafuta mengi zaidi. Yaani uti wa mgongo ule ule mwembamba ulibebeshwa mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa, kwa saa sita mfululizo.

Upande wa pili kulikuwa na Bentley ya lita 4.5, nayo ina supachaja, cc 4398, karibu mara sita ya Austin. Ilipoandaliwa kwa mbio ilitoa zaidi ya nguvu za farasi 200. Lilikuwa gari refu na zito sana, lenye supachaja kubwa iliyotokeza mbele kabisa kati ya magurudumu.

Maili 500 ni kilometa 805, karibu sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya. Austin iliimaliza kwa wastani wa maili 83.41 kwa saa, kilometa 134 hivi. Bentley iliimaliza kwa wastani wa maili 112.12, kilometa 180 hivi. Gawanya mwenyewe: Austin ilitumia kama saa 5, dakika 59 na sekunde 40. Bentley ilitumia kama saa 4, dakika 27 na sekunde 34. Tofauti ni saa moja na dakika 32. Kwa hiyo Austin iliondoka mapema kuliko Bentley kwa zaidi ya muda huo, la sivyo isingefika kwanza.

Hapa ndipo mwenzako anaposhika kiuno na kusema, "Unaona? Saa moja na nusu!" Mwambie asubiri kidogo.

Muda huo hautolewi kwa kuonea huruma. Unatolewa kwa kukadiria kila daraja la injini linaweza kwenda kasi gani umbali wote huo, pamoja na kusimama kuongeza mafuta na kubadilisha tairi. Nikupe mfano wa kwangu, namba za kuelewea tu. Tuseme mkadiriaji anaamini magari ya chini ya cc 750 yakijitahidi yatafanya wastani wa maili 80 kwa saa. Hiyo ni saa 6 na robo. Anaamini Bentley itafanya 112, yaani saa 4 na dakika 28 hivi. Anazitoa, anapata saa 1 na dakika 47, na Bentley inasubiri muda huo. Kila gari likifanya hasa kama alivyoamini, yote mawili yanafika kwenye mstari pamoja. Sasa Bentley imefanya 112.12. Imezidi makadirio kwa sekunde chache tu. Austin imefanya 83.41. Imezidi kwa dakika 15. Ni nani aliyefanya kazi kubwa kuliko alivyotegemewa?

Hilo ndilo swali linaloulizwa na mbio za handikapu, na ni swali tofauti na la mbio za kawaida. Mbio za kawaida zinauliza nani ana kasi zaidi, na jibu lake mwaka 1930 lilijulikana hata kabla bendera haijashuka: Bentley. Handikapu inamwekea kila mmoja kipimo chake na kuuliza nani amekivuka zaidi. Austin haikupewa ushindi na ile saa moja na dakika kadhaa. Muda ule ulilipa tu pengo la ukubwa wa injini. Ushindi ulitoka kwenye zile maili tatu na ushee za kila saa ambazo, katika mfano wetu, hakuna aliyeamini kwamba krenki yenye beringi mbili ingeweza kuzibeba mpaka mwisho.

Na waliokuwa kwenye usukani ndio wanaonifanya niipende habari hii. Gari lile liliendeshwa kwa zamu na Sammy Davis na Earl wa March, mtoto wa kabaila aliyekuwa na miaka 26, ambaye baadaye akiwa Duke wa Richmond alifungua uwanja wa Goodwood mwaka 1948. Davis alikuwa mwandishi wa michezo wa gazeti la magari, na alikuwa mtu wa Bentley kweli kweli. Mwaka 1927 yeye na daktari mmoja, Dudley Benjafield, walishinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, kwa Bentley ya lita 3. Usiku ule magari kadhaa yaligongana kwenye kona moja, Davis naye akayavaa. Gari lilipinda na taa ikavunjika, lakini wakalifungafunga na kulimaliza hivyo hivyo wakiwa wa kwanza. Watu wawili waliopitia hayo pamoja hawasahauliani.

Miaka mitatu baadaye, Brooklands, Davis yumo ndani ya kigari cha cc 747. Na ile Bentley ya lita 4.5 inayomfukuza, anayeiendesha kwa kupokezana na Eddie Hall ni nani? Ni Dakta Benjafield.

Twende karibu zaidi. Kwa wastani ule, Austin ilitumia karibu dakika mbili kamili kwa mzunguko mmoja, Bentley sekunde 89. Ukipiga hesabu, Bentley ikiwa imekwisha kuingia uwanjani ilimpita Davis au mwenzake takriban kila dakika sita. Fikiria umekaa ndani ya kigari kile, kimo chake hakifiki kifuani mwa mtu mzima, upepo unakupiga usoni, zege linakurusha. Kila dakika sita unasikia mngurumo nyuma yako, gari zito linapita juu yako kwenye ule ukuta wa mshazari likiwa na kasi ya kilometa 46 kwa saa zaidi ya yako. Hutakiwi kuyumba hata kidogo. Na hutakiwi kuingiwa na tamaa ya kulifukuza, kwa sababu siku hiyo adui yako siye yule aliyekupita. Adui yako ni namba iliyoandikwa kwenye karatasi ya mkadiriaji. Kukaa saa nyingi unapitwa, ukaendelea kushika mwendo wako ule ule bila kuuchosha wala kuulegeza, ni ustadi ambao madereva wengi wenye majina makubwa hawakuwa nao.

Mwenzako ana hoja nyingine ambayo hakuisema, nami nitamsemea kwa haki. Mfumo huu una kasoro. Mkadiriaji akikosea, mshindi anajulikana kabla ya kuanza. Mtu akificha kasi yake kwenye mazoezi, anapewa muda asioustahili. Watazamaji nao wanataabika, kwa sababu anayeonekana mbele huenda ndiye wa tisa, na huwezi kujua bila karatasi na kalamu. Na ile tofauti ya kasi kati ya wakubwa na wadogo ilikuwa hatari ya kweli. Mbio hizo za maili 500 hazikuwa mchezo: mwaka 1932 Clive Dunfee alikufa pale pale baada ya Bentley yake kuruka juu ya ukingo wa ule ukuta.

Lakini kama handikapu ingekuwa zawadi kwa wadogo, wadogo wangeshinda kila mwaka. Mbio hizo hizo za maili 500 mwaka 1929 zilichukuliwa na Bentley, Frank Clement na Jack Barclay, kwa wastani wa maili 107.32. Mwaka 1931 zikachukuliwa tena na Bentley, Jack Dunfee na Cyril Paul, maili 118.39. Mwaka 1929 kwenye mbio za Tourist Trophy huko Ards, Ireland ya Kaskazini, Rudolf Caracciola na Mercedes yake ya lita 7 alianza akiwa nyuma ya wenye magari madogo kwa mizunguko kadhaa mizima. Mvua ikanyesha, wengine wakapunguza, yeye akaendesha kama barabara ni kavu, akawafikia wote na kushinda. Austin mbili zilimaliza nafasi ya tatu na ya nne siku hiyo, na toleo la mbio la gari lile likapewa jina la Ulster, jimbo ambamo Ards imo, kwa heshima ya matokeo hayo.

Wakadiriaji nao walijifunza. Mei 1931, tena Brooklands, zilifanyika mbio za saa 24 zilizogawanywa siku mbili za saa 12, kwa sababu majirani walikwisha kukataa kelele za usiku. Earl wa March yule yule, safari hii na Chris Staniland, alishinda kwa MG Midget ya cc 746, na Midget zikachukua nafasi zote tano za mwanzo. Zote tano! Mwaka huo huo Norman Black akashinda kwa Midget kule Dublin na kule Ards. Hapo ilikuwa wazi kwamba injini ndogo zimekua haraka kuliko namba za kwenye karatasi, na namba zikabanwa. Mimi nalisoma hilo kama sifa. Mtu akikuongezea mzigo kwa sababu unaubeba mwepesi, amekiri nguvu zako.

Usisahau pia mwaka 1932, mbio za maili 1,000 pale Brooklands, zilizopigwa kwa siku mbili. Walioshinda walikuwa wanawake wawili, Elsie Wisdom wa Uingereza na Joan Richmond wa Australia, kwa Riley ya cc 1100 hivi, wakiwa na wastani wa maili 84.41. Waandaaji wengi wa zama zile hawakuwa tayari kuwapa wanawake magari makubwa ya kiwanda. Handikapu iliwapa mstari wa kuanzia, na waliyofanya baada ya hapo waliyafanya wao.

Afrika Mashariki tuliwahi kujaribu njia nyingine ya kusawazisha. Coronation Safari ya mwaka 1953, ile iliyokuja kuwa Safari Rally, iliyapanga magari katika madaraja kwa bei yake dukani badala ya ukubwa wa injini. Ni wazo la watu waliozijua barabara zao: kwenye tope na makorongo, cc hazikuambii chombo kitafika au hakitafika.

Sasa baiskeli zenu. Zile maili 500 ziliwapanga kwa madaraja ya injini, na nakushauri mfanye vivyo hivyo mwaka huu wa kwanza: daraja la Foniksi na daraja la gia, basi. Msijaribu kumkadiria kila mtu peke yake, mtagombana. Wiki mbili kabla, chukua waendeshaji wanne au watano wa kila daraja, wapige umbali ule ule wa mashindano, njia ile ile, kila mmoja peke yake na saa. Usiwapime kilometa 5 halafu ukazidisha kwa nne kupata 20. Foniksi ni nzito, na uzito huo mtu hauhisi mwanzoni, anauhisi kwenye kilometa ya kumi na tano. Chukua muda wa yule wa pili kwa ubora katika kila daraja, si wa kwanza wala wa wastani, maana wa kwanza anaweza kuwa na siku yake na wa mwisho anaweza kuwa anaficha. Kama Foniksi ni saa 1 kamili na gia ni dakika 45, Foniksi inaondoka robo saa mapema.

Muda huo uandikwe ubaoni na usomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya siku yenyewe, na ukishasomwa usibadilishwe. Anayefika kwanza kwenye mstari ndiye mshindi, bila hesabu za baadaye. Atakayeonekana alificha mbio msimnyang'anye kitu. Mwaka ujao mbaneni.

Jambo moja la kwenu huko: Foniksi zikiondoka saa 1:00 asubuhi na gia saa 1:15, waliotangulia watapata dakika 15 za ubaridi ambazo wenzao hawatazipata. Kwa hiyo yale majaribio yafanyeni saa hizo hizo, kila daraja kwa saa yake ya kuondokea, ili jua liwe limeshaingia kwenye hesabu.